Mizigo Miwili ya Daraja la Kumi na Saba

Kwa miaka kumi na sita Taratibu alikuwa amebeba karibu kila kitu ambacho binadamu hukiweka ndani ya nyumba. Makabati ya nguo, majokofu, meza za kioo, vitanda vya watu wanaooana na vitanda vya watu wanaoachana, na safari moja jiwe la kaburi ambalo mwenyewe alilinunua mapema, akaona bora akae nalo sebuleni alizoee. Alikuwa kwenye kampuni ya kuhamisha vyombo, watu wanne na lori moja. Jina hilo alipewa kazini, kwa sababu ndilo neno pekee alilokuwa akilitoa akiwa chini ya mzigo. "Taratibu," alikuwa akimwambia mwenzake kwenye ngazi. "Taratibu, kona hiyo." Wenzake waliweza kutukana kuanzia ghorofa ya nne hadi chini bila kurudia tusi. Yeye alikuwa na neno lake moja na lilimtosha.

Alimjua Mwalimu siku ya kumhamisha. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba, aliyefiwa na mke, aliyestaafu baada ya kufundisha fizikia sekondari maisha yake yote. Alikuwa anatoka ghorofa ya nne kwenda ghorofa ya chini, mtaa wa pili, kwa amri ya binti yake. Vyombo vyake vilikuwa vichache. Lakini kulikuwa na sanduku moja la mbao ambalo aliwazuia wote wasiliguse, kisha akawatazama mmoja mmoja usoni, kama anayechagua nani asome kwa sauti darasani. Akamchagua Taratibu.

Taratibu alilishusha sanduku lile ghorofa zote nne, na Mwalimu nyuma yake amekunjua mikono tayari kulidaka, jambo ambalo lingewaua wote wawili. Walipofika chini Mwalimu alilifungua papo hapo barabarani. Ndani mlikuwa na chombo cha mbao na shaba, kikubwa kama redio za zamani, chenye mfuko wa ngozi uliokunjwakunjwa mbele na kioo nyuma. Mwalimu akakikagua kioo. Hakikuwa na ufa.

"Jumamosi una kazi?" akauliza.

"Kazi gani, Mwalimu?"

"Ya kubeba kamera."

Taratibu akatazama huku na huku. "Iko wapi hiyo kamera?"

"Si hii hapa?"

Taratibu akainama, akaitazama vizuri. "Mimi nilidhani ni jiko."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na reli ya zamani iliyoachwa, iliyopita milimani juu ya madaraja ishirini na mawili ya chuma, na ilikuwa imetangazwa kwamba chuma kile kitang'olewa. Mwalimu alitaka kuyapiga picha yote kabla hayajaondoka. Hakuna aliyemtuma. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba hesabu za madaraja yale zilipigwa vizuri sana na hakuna aliyewahi kuzipa alama.

Jumamosi ya kwanza Taratibu alilibeba sanduku begani kwa saa mbili na nusu, akifuata mataruma yaliyooza, yale magogo yaliyolazwa chini ya reli. Mkono mwingine alishika stendi ya miguu mitatu, ya mbao, nzito kama mlango. Mwalimu alitangulia na fimbo na chupa ya maji. Walipofika, Mwalimu aliisimamisha kamera, akajifunika kichwa na kitambaa cheusi, akatoka, akaisogeza nusu hatua, akajifunika tena. Ikapita saa nzima. Upepo ulikuwa unatikisa majani, naye alikuwa anausubiri ukome, kama mtu aliyeahidiwa. Ukakoma. Akachomeka fremu ya mbao yenye filamu, akavuta kifuniko chake, akabonyeza kitu, akahesabu kimya, akarudisha kifuniko.

"Tayari," akasema. "Twende."

"Tayari ngapi?"

"Moja."

"Moja?"

"Kwani hapa pana madaraja mangapi?"

Taratibu akalirudisha sanduku begani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba kidogo cha kushonea upande wa barabara. Jioni ile alimvua shati mumewe, akaliangalia bega lililovimba na kuwa rangi ya bilinganya.

"Umebeba nini leo?"

"Kamera."

Akaliweka shati kando. "Baba watoto, nikikuuliza swali niambie ukweli. Mimi si mtoto."

Ilibidi ampeleke kwa Mwalimu aione. Aliizunguka mara mbili mikono ikiwa kiunoni, akaomba ipimwe. Kamera, lenzi tatu, fremu za filamu kumi na mbili, kitambaa na stendi: kilo thelathini na moja. Kisha akampima mumewe kwa utepe wake wa kazini, mabega, kiuno na urefu wa mgongo, kama mteja wa suti. "Simama vizuri," alimwambia. "Ukijikunja sasa, mzigo nao utakaa umejikunja." Akashona mbeleko kwa turubai la lori na mikanda ya viti vya gari bovu, akaijaza sponji ya godoro mabegani na kiunoni, na chini akaweka kibao imara ili mzigo ukae bila kuning'inia. Siku ya kuijaribu alitia cherehani yake mle ndani, akampandisha mumewe ngazi za jirani hadi juu na kumshusha mara tatu. Jirani alimuuliza kama wanahama, na kama wanahama, mbona wanapanda.

Baada ya hapo kazi ikaenda. Taratibu alijifunza kwamba kitu kizito kikae juu, karibu na mgongo, si chini. Alijifunza kuzivisha lenzi soksi. Alijifunza asikae chini kabisa wakati wa kupumzika, bali ategemee ukingo wa jiwe, kwa kuwa kuinuka na kilo thelathini na moja ni kazi tofauti na kuzibeba. Jumamosi nyingine walitembea nusu siku na Mwalimu asipige chochote.

"Mwanga haupo," Mwalimu alikuwa akisema.

Taratibu alikuwa akiliangalia jua. "Upo pale."

"Si huo."

Basi wakarudi. Kutoka daraja la kwanza hadi la kumi na sita iliwachukua miaka minne, kwa sababu ya mvua, magoti ya Mwalimu, na mwanga ambao si huo.

Daraja la kumi na saba lilikuwa kilomita nne kutoka mahali gari linapoishia. Dereva wao, mwenye kigari cha mizigo, aliwashusha asubuhi akalala kwenye kiti. Wao wakafuata reli, wakapita kwenye handaki, wakafika. Lilikuwa daraja refu kuliko yote, limekaa juu ya korongo kwa miguu myembamba ya chuma. Mwalimu alipomaliza kulenga alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akainua kitambaa cheusi, akasema, "Hebu njoo uone."

Taratibu akaingiza kichwa. Ndani ya giza lile daraja lilikuwa linang'aa kwenye kioo, miguu juu kichwa chini, na korongo lote limening'inia juu yake, na mawingu yanatembea taratibu kwenye sakafu. Akakaa humo muda mrefu hadi Mwalimu akamgusa bega.

"Limepinduka," Taratibu akasema alipotoka.

"Linapinduka siku zote."

"Miaka minne nimebeba hii na hukuniambia."

"Hukuuliza."

Picha ikapigwa, moja, Taratibu akaipakia kamera kwenye mbeleko. Saa sita na robo mchana, Mwalimu akirudi nyuma kuliangalia daraja kwa mara ya mwisho, alikanyaga jiwe lenye ukungu. Hakupiga kelele. Taratibu alisikia tu mlio kama wa kijiti kikavu, akageuka, akamkuta mzee amekaa chini, mguu wake wa kulia ukiwa umeelekea upande ambao miguu haielekei.

Simu hazikuwa na mtandao. Taratibu akapasua tawi kavu, akaufunga mguu nalo kwa kitambaa cheusi, huku Mwalimu akinung'unika kwamba kitambaa kile kina kazi yake.

"Sasa sikiliza," Mwalimu akasema, uso umejaa jasho. "Chukua kamera. Ipeleke kwenye gari. Halafu mje mnichukue wewe na dereva."

"Nikuache hapa?"

"Mawingu yale yanakuja. Filamu ikilowa, hakuna daraja la kumi na saba."

"Na wewe ukilowa?"

"Mimi nitakauka."

Taratibu akatazama kamera, akamtazama mzee. Dereva alikuwa na kiuno kibovu, hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko funguo zake. Njia rahisi ilikuwa kumbeba mtu na kuiacha mbao. Mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo, na baadaye mkewe alimwambia hivyo hivyo kwa maneno makali zaidi. Lakini katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kuacha chombo cha mteja njiani, hata jiwe la kaburi. Na asubuhi ile alikuwa ameingiza kichwa mle ndani.

"Nitawachukua wote," akasema.

"Haiwezekani. Mimi nina kilo hamsini na nane."

"Jokofu lina themanini."

Akaitoa kamera kwenye mbeleko, akaiweka juu ya jiwe kavu na kuifunika kwa koti lake. Akamkalisha Mwalimu kwenye kile kibao, mgongo kwa mgongo, akamfunga mikanda. Akachuchumaa, akapitisha mikono, akainuka. Mwalimu akainuka naye, ametazama walikotoka, na kwa hiyo aliiona kamera yake ikibaki peke yake jiweni na kuwa ndogo.

Baada ya hatua mia tatu Taratibu akamshusha, akamketisha penye kivuli, akarudi na mbeleko tupu. Akaipakia kamera, akaja nayo, akampita Mwalimu hatua mia tatu mbele, akaishusha. Akarudi na mbeleko. Akampakia Mwalimu.

"Unafahamu unachokifanya?" Mwalimu akauliza mgongoni. "Kila kipande unakitembea mara tatu. Kilomita nne mara tatu ni kumi na mbili."

"Mwalimu, usihesabu."

"Nane kati ya hizo una mzigo."

"Nimesema usihesabu."

Baada ya hatua chache Mwalimu akasema kwa unyonge kwamba hana kitu kingine cha kufanya huku nyuma.

Kwenye handaki ndipo palipokuwa pagumu. Lilikuwa na kona katikati, ukiwa upande mmoja huoni mwingine. Taratibu alimvusha mzee kwanza, akamketisha mdomoni upande wa pili, akaingia tena gizani kuifuata kamera. Alikuwa hajafika katikati aliposikia.

"Taratibu!"

"Naam!"

"Upo?"

"Nipo!"

Akapiga hatua kumi. "Taratibu!"

"Nipo, Mwalimu!"

Aliipakia kamera upande walikoingilia. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa yenye nafasi. Aliporudi ndani na mzigo, mzee alikuwa haiti tena. Alikuwa anaongea, kwa sauti ya kawaida tu, lakini handaki lilikuwa linaikuza na kumletea Taratibu kila neno kana kwamba limesemwa sikioni. Alikuwa anasema kwamba tangu mkewe afariki amezoea mtu akitoka mlangoni kuhesabu kwamba harudi. Kwamba hata binti yake akienda sokoni huhesabu hivyo. Kwamba si kosa la mtu, ni hesabu tu, na hata huyu akienda na kamera moja kwa moja hadi kwenye gari hatamlaumu.

Taratibu akasimama gizani na kilo thelathini na moja mgongoni, akasubiri amalize. Kisha akaburuta kiatu kwenye kokoto, kwa kelele, akatokea kwenye mwanga.

"Ulisema kitu?" akauliza.

"Hapana," Mwalimu akasema, anapangusa miwani. "Nilikuwa nasikiliza mwangwi."

"Unafanya kazi vizuri?"

"Vizuri sana."

Walifika kwenye gari jua likiwa linazama, wamelowa, kamera ikiwa kavu. Taratibu alikuwa haisikii miguu yake kuanzia magotini, na mikanda ilikuwa imemchuna mabega yote mawili licha ya sponji. Dereva akaamka, akajinyoosha.

"Mmechelewa leo," akasema. "Mmepiga ngapi?"

"Moja," wakajibu wote wawili.

Hospitalini waliuunga mguu kwa chuma. Binti yake alikuja mbio, akasimama kati ya kitanda na benchi alipokuwa amelala Taratibu, akakosa aanze kumgombeza nani. Akaanza na baba yake. "Yaani mtu anakubeba wewe, halafu anarudi kubeba hilo dude?" Akamgeukia Taratibu. "Na wewe, kaka yangu, ulikubali?"

"Aliomba niibebe kamera peke yake," Taratibu akasema. "Mimi ndiye niliyeongeza mzigo."

Daktari akasema mguu utatembea ndani ya nyumba, dukani, labda hadi kituoni. Kwenye mataruma, hapana. Yalikuwa yamebaki madaraja matano.

Mwalimu hakusema lolote kuhusu hilo kwa miezi miwili. Aliisafisha picha ya daraja la kumi na saba bafuni kwake, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na ilikuwa nzuri. Taratibu alikuwa akipita Jumamosi kwa mazoea, wanakaa. Siku moja, bila kutazama juu, Taratibu akasema, "Hivi ule upepo, unajuaje kwamba unakaribia kukoma?"

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Nenda kalete stendi," akasema.

Akamfundisha kwa kiti. Wiki sita Taratibu alikipiga picha kiti kile cha jikoni bila filamu ndani, kwa mbali, kwa karibu, kwa pembe, hadi akasema akikiona kimepinduka ndipo anahisi kipo sawa. Mwalimu hakuwa mpole. Alimpa alama kwa kalamu nyekundu. Ya juu kabisa ilikuwa sita kwa kumi, na chini yake aliandika "ana bidii".

Kwenda peke yake ndiko mkewe alikokataa. "Mmoja amevunjika mguu akiwa na mtu. Wewe uende peke yako, ukivunjika nani akubebe, kamera?" Akafunga chumba cha kushonea Jumamosi ile, akavaa viatu vya mpira, akaibeba stendi yeye.

Daraja la kumi na nane walirudi na filamu nyeupe tupu. Taratibu alifanya kila kitu sawasawa, akasubiri upepo, akahesabu, ila alisahau kukivuta kile kifuniko. Mwalimu aliiangalia filamu ile kwenye taa muda mrefu. "Ikichapwa itatoka nyeusi tii. Usiku mzuri sana huu," akasema. Wakaenda tena Jumamosi iliyofuata. Safari hii mkewe alisimama kando na kusema kwa sauti kila hatua, kama anayesoma vipimo vya gauni, na picha ikatoka. Yaliyobaki manne yaliwachukua mwaka na nusu. La mwisho walilipiga mafundi wa kukata chuma wakiwa wameshapanga mitungi yao ya gesi upande wa pili, wakaombwa wasogee, wakasogea.

Maktaba ya mji iliwapa ukumbi wa kutundika picha zote ishirini na mbili. Wakati wa kuandika vikaratasi vya ukutani Mwalimu alishika kalamu, akasita.

"Jina lako kamili nani?"

Taratibu akamwambia. Mwalimu akaliandika, akaliangalia kama neno la lugha nyingine.

"Karibu miaka sita," akasema.

"Hukuuliza. Na lako je?"

Mwalimu akamtazama. "Kwani hulijui?"

Taratibu akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Mwalimu," akasema.

Wakayaandika yote mawili. Matokeo yake ni kwamba siku ya ufunguzi hakuna aliyewatambua. Dereva wao alisoma vikaratasi vyote ukuta mzima, akaja kumnong'oneza Taratibu kwamba hawa jamaa wawili wamewaibia madaraja yao.

Watu walisimama zaidi mbele ya daraja la ishirini. Kule mwisho wa daraja kuna mtu mdogo amesimama. Ni mkewe Taratibu, aliyewekwa pale ili urefu wa chuma uonekane. Picha ilihitaji sekunde nane, naye aliambiwa asitikisike, lakini sekunde ya tano nzi alimtua usoni, akatikisa kichwa. Kwa hiyo ana viatu, ana gauni alilolishona mwenyewe, lenye mishono inayohesabika mmoja mmoja, na juu ya kola, mahali pa kichwa, kuna kitu kama moshi.

Alikasirika siku mbili. Kisha akaomba nakala kubwa, akaitundika kwenye chumba chake cha kushonea, mbele ya cherehani. Wateja wakimuuliza huyo asiye na kichwa ni nani, huwaambia ni yeye, na kwamba waangalie gauni.